Mama Dakika, Aliyempa Kila Mtu Kazi Yake

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imemtuma kaka wa marehemu, mtoto wa katikati aliyebanwa maisha yake yote kati ya dada wawili, awasomee maisha ya dada yake mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Dakika, naye ameonywa asivute maneno, kwa kuwa marehemu hakuwa na subira na watu wa namna hiyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1964, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mama mshonaji, na kwa maelezo ya mama yetu alizaliwa siku ileile aliyoitaja mkunga, jambo ambalo mdogo wake wa kiume, aliyechelewa wiki mbili, alikumbushwa kila alipochelewa mezani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1977, na kwa miaka minne mfululizo yeye ndiye aliyepiga kengele ya shule, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1978 hadi 1981, kisha akasomea uhazili na kutunukiwa cheti tarehe 25 Novemba 1983. Tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi, ghorofa ya pili, chumba ambacho madirisha yake yalikuwa hayafunguki, na humo ndimo alimomkuta shemeji yetu, mpima ardhi, aliyekuwa akileta barua za kuchapwa hata zile zilizokwisha kuchapwa.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Julai 1989, na shemeji atatusamehe tukisema hadharani kwamba sherehe ilichelewa saa moja na dakika arobaini, kwa sababu yeye, mtu wa ramani, aliupeleka msafara wake kwenye ukumbi mwingine kabisa, akapokewa kwa vigelegele, akaketishwa meza kuu ya watu wasiomjua, hadi bwana harusi mwenyeji alipoingia na kumuuliza kwa upole kama amepotea. Ilipochunguzwa ikaonekana hakuna aliyepewa kazi ya kuongoza magari, kila mmoja alidhani ni ya mwenzake, na bi harusi, aliyekuwa amesimama mlangoni na shada mkononi muda wote huo, aliapa kwamba yaliyompata yeye hayatampata mwanamke mwingine akiwa karibu. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1991, ambaye sasa ni mwalimu, na wa kike mwaka 1995, ambaye ni muuguzi.

Alitimiza kiapo chake mwaka 1996, alipoacha kazi ya ofisini na kukodi chumba kimoja juu ya duka la vipuri, akaandika mlangoni kwamba anapanga harusi, na watu wakamiminika kwa kila swali lisilo lake, huyu akitaka maua, yule akitaka ufunguo wa ukumbi, mwingine akimdai mpishi. Aliwaketisha na kuwafundisha, tena bila kuchoka, kwamba mpangaji ni yule anayekaa na familia miezi sita kabla, akajua wageni ni wangapi na nani hapatani na nani, kwamba mratibu ndiye anayeshika saa siku yenyewe, kwamba mbunifu huamua macho yataona nini tangu mlangoni hadi meza kuu, mpambaji akaja na ngazi na pini kutundika kilichobuniwa, na kwamba msimamizi wa ukumbi ni mtu wa ukumbi, si wa harusi, atakupa taa na maji lakini usimtwike kazi ya kumtafutia bibi yako kiti. Alisema ukimuuliza mmoja swali la mwingine utajibiwa, maana watu ni waungwana, ila jibu lenyewe litakuwa la kubuni.

Mwaka 1999 alimchukua mdogo wetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda, aliyekuwa akishona mapazia kwenye kibaraza cha nyumbani, na ambaye jicho lake lilikuwa na kipaji ambacho hakuna chuo kilichompa. Kitinda alibuni, dada akapanga na kuratibu, na kwa miaka kumi hakukuwa na harusi ya maana katika mji huu ambayo hawa wawili hawakuishika, mmoja na saa yake, mwingine na sindano mdomoni, wakibishana mchana kutwa na kula sahani moja. Sheria ya dada ilikuwa moja, kwamba ratiba ikishafungwa Alhamisi, hakuna badiliko, hata aje nani.

Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2009, katika harusi ya binti wa mkuu wa shule mmoja, Kitinda aliihamisha meza kuu kutoka ncha ya ukumbi hadi ukuta wa pembeni, kwa sababu jua la alasiri lingewapiga wageni machoni na maharusi wangeonekana vivuli, akavigeuza na viti vyote. Saa tisa kamili dada akaufungua mlango uleule ulioandikwa kwenye ratiba yake, ambao sasa ulikuwa nyuma ya watu, bi harusi akaingia na baba yake taratibu, na wageni mia nne wakasimama kwa heshima wakiwa wamempa mgongo, wakikodolea macho mlango wa upande wa pili, hadi bibi mmoja aliyegeuka kutafuta mkoba wake akasema kwa sauti, "Jamani, si huyu hapa?"

Ukumbi ulicheka, bi harusi mwenyewe alicheka, lakini dada hakucheka. Alimfuata mdogo wake, wakakutana kando ya meza ya mshereheshaji, ambaye alikuwa ameacha kipaza sauti wazi, na watu wote mia nne wakasikia dada yetu akisema, "Wewe ni fundi mapazia tu, mambo ya akili yaachie wenye akili." Kitinda alichukua mkasi wake na kuondoka, mwezi uliofuata akafungua karakana yake mtaa wa pili, na kwa miaka kumi na tatu hawakufanya kazi pamoja, walisalimiana kwenye misiba na ubatizo kama watu wa benki, na kaka yao, anayewasomea hapa, akawa posta ya "mwambie dada yako" na "mwambie mdogo wako", kazi ambayo hakuiomba wala hakuipenda.

Marehemu alianza kuugua mwezi Februari 2023, kwa kukauka sauti, na sote tukaulaumu upigaji wake kelele kumbini, vipimo vikaonyesha ni saratani, na tarehe 30 Mei alifanyiwa upasuaji uliookoa pumzi yake na kuchukua sauti yake. Kitinda alifika wodini kesho yake asubuhi, bila kutumwa na mtu, akiwa na chupa ya uji. Dada alichukua daftari akaandika, "Nisamehe", na mdogo wake akamwambia, "Dada, hayo yaliisha zamani, wewe kunywa uji." Lakini marehemu hakuwa mtu wa kuachia jambo nusu, akaandika tena, "Walisikia watu mia nne."

Tangu siku ile hilo ndilo lililomkosesha raha kuliko ugonjwa, kwamba alimdhalilisha mdogo wake mbele za watu na alikuwa amemwomba radhi chumbani tu, hivyo aliomba apewe dakika tatu katika harusi ya binti yake, iliyopangwa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 2023, na mwanawe asome kwa niaba yake. Mwezi Oktoba alipoona hatafika, aliandika karatasi, akampa kaka yake, akamwagiza aiweke katika historia hii, baada ya ugonjwa na kabla ya shukrani, kwa maelezo kwamba shukrani zikishaanza watu huanza kutafuta viatu. Alifariki Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, Kitinda akiwa amemshika mkono. Karatasi yake inasema hivi.

"Tarehe 12 Desemba 2009 nilisema mdogo wangu ni fundi mapazia tu. Nilikosea, na nilijua siku mbili baadaye. Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya harusi ile, aliniletea mchoro mpya, meza na mlango vyote ameviandika, nikauweka chini ya faili bila kuufungua kwa kuwa Alhamisi ilikuwa imepita. Jumatatu nikaufungua, nikaona, nikauchana, nisimwambie mtu. Mimi nilijua watu waingie saa ngapi, yeye ndiye aliyejua wataona nini wakiingia. Zile harusi mlizonisifia mkasema zilipendeza, kupendeza kulikuwa kwake. Kitinda, nimelisema mbele za watu. Nisamehe. Kaka, mwambie asimame wamwone."

Kitinda, tunakuomba usimame.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Februari, majirani waliopokezana kupika na kufua, wapishi, wapambaji, washereheshaji na wasimamizi wa kumbi mliofika leo bila kuandikiwa zamu, na inawajulisha kwamba harusi ya binti yetu ipo palepale, tarehe ileile, na mbunifu wake ndiye huyo aliyesimama. Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka na mdogo wake.

Dada, umesikika. Pumzika kwa amani.