Marion Nabalayo, Aliyejifungua Bila Jirani Kusikia

Ndugu, jamaa na majirani wa Lucky Summer, kabla basi halijaondoka kuelekea Kimilili, familia imenituma mimi Opicho, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, na mumewe Javan Mukhwana, aliyeketi hapa karibu na jeneza, ameomba yasomwe yote, hata yale yanayomuaibisha yeye mwenyewe.

Marehemu Marion Nabalayo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966, karibu na Kimilili, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Makokha na mama Khalayi. Alisoma katika shule ya msingi ya kijijini, akapita mtihani wa darasa la saba mwaka 1980, lakini nafasi ya kuendelea wakapewa kaka zake, naye akapelekwa Bungoma mjini kujifunza ushonaji, kazi aliyokuja kuipenda sana, na wengi mlio hapa watoto wenu wanavaa sare alizozishona.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Javan, wakahamia chumba kimoja katika ploti ya vyumba vya kupanga hapa mtaani, Javan akiwa kibarua katika kiwanda cha mabeseni kule Baba Dogo. Mungu aliwajalia watoto watatu, mwaka 1988, 1991 na 1994, wote wakizaliwa chumbani humo mikononi mwa mkunga, Mama Nzembi, kwa sababu Nabalayo alitaka mumewe akae nyuma yake amshike mabega, na hospitalini mwanamume angeambiwa asubiri nje ya lango. Ukuta ni wa mabati, lakini mara zote tatu Mama Kyalo wa chumba cha pili hakujua lolote mpaka aliposikia kichanga kikilia. Javan alitembea kifua mbele, na kazini walichoka kumsikia: "Wake zenu wanapiga nduru mpaka ploti yote inaamka, wangu hata jirani hajui." Nabalayo alizipenda sifa hizo, akazilinda.

Jumamosi, tarehe 16 Mei 1998, saa nne asubuhi, alijifungua mtoto wa nne, msichana, kimya vilevile. Mama Nzembi alimkagua, akamuuliza kama anahisi maumivu au kizunguzungu, naye Nabalayo akatikisa kichwa kukataa, basi mkunga akageuka kumwosha mtoto. Javan alikuwa bado amemshika mabega, akaona uso umepauka na jasho jembamba linamtoka, akadhani ni uchovu tu, akamnong'oneza, "Umeweza, mama. Hata leo hawajakusikia," naye akatabasamu. Mkunga alipofunua blanketi, godoro lilikuwa limelowa damu hadi chini. Baba Kyalo alitoa pikapu yake bila kuombwa, akakimbizwa hospitalini, madaktari walihangaika naye kwa kila walichokuwa nacho, lakini damu ilikuwa imemwishia mwilini, akaaga dunia saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili.

Javan hana hali. Halali wala hali chakula, mtoto ana siku sita na hajapewa jina kwa sababu kila baba anapoulizwa hulia tu, na tusidanganyane, hatujui atawalea vipi hawa wanne. Jambo moja tu amelikazania. Yamezagaa maneno kwenye ploti kwamba mkunga ndiye aliyemuua Nabalayo, na Javan anataka mjue kwamba mkunga aliuliza, na aliyemzoesha mkewe kunyamaza ni yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, wafanyakazi wenzake Javan waliochangia basi hili, na Mama Kyalo anayemnywesha mtoto maziwa hadi leo. Mama Nzembi, uliyesimama kule nyuma peke yako, Javan anakuomba upite mbele, kiti cha kando yake ndani ya basi ni chako, mwende pamoja mkamzike.

Nabalayo, sisi ndio tuliokuchosha. Pumzika sasa kwa amani.