Bwana Samaki Aliyepasua Kitoweo Ukweni

Waombolezaji na majirani mliopanda mlima huu kutufariji, familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu Eliufoo Asheri.

Marehemu alizaliwa Chome tarehe 12 Machi 1936, akasoma hapa hadi darasa la nne, kisha shule ya kati huko Same, na mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mbichi, akapelekwa kusomea uvuvi, jambo lililowachekesha sana wazee wa Chome, ambao samaki walimjua kwa harufu tu, akiwa mkavu.

Mwaka 1967 alipangiwa kazi ya Bwana Samaki, yaani afisa wa uvuvi, bwawani kule tambarare, upande wa Kifaru, akakuta wavuvi wakigombania samaki wadogo wenye matumbo makubwa, wakiamini wamejaa mayai, naye akawapasua samaki hao na kukuta mnyoo mweupe kama utepe, unaomzuia samaki kuzaa na kumfanya aelee juu juu mpaka ndege amle, na ndege akinya majini mnyoo unaanza upya. Tangu hapo marehemu hakuona tumbo la samaki akaliacha salama.

Hilo ndilo lililomponza. Tarehe 8 Juni 1969 alikwenda na wazee kwa mvuvi Paskali kumposa Jenoveva, binti aliyemnyima usingizi, na mama mkwe, kwa heshima, akamtengea samaki aliyevimba kuliko wote, marehemu akachomoa kisu cha kazi, akampasua, akauvuta mnyoo mbele ya wazee huku akifafanua, mshenga akakimbilia nje kutapika, na mama mkwe akaapa kuwa mwanawe haolewi na mpekuzi wa sahani.

Marehemu alikonda mpaka suruali ikafungwa kwa kamba. Mwaka uliofuata nyavu zilitoka tupu, maana samaki hawakuzaa, Paskali akameza kiburi akamwita, naye akawafundisha wanakijiji wa ujamaa kufukia matumbo ya samaki shimoni badala ya kuwatupia ndege, na samaki walipoanza kurudi mama mkwe alilegea kwa sharti moja tu, ale kwake bila kisu, akala, jasho likimtiririka, ndoa ikafungwa tarehe 4 Septemba 1971, wakajaliwa Clemence na Tomaso.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1982, akafariki hospitalini Same tarehe 3 Februari 1984. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wenzake wa uvuvi waliotuletea gari.

Na mama mkwe, uliyekuja kutoka Kifaru alipokuwa mgonjwa ukamlisha uji kwa mkono wako, jambo ambalo kwa mila zetu mkwe hafanyiwi, ukasema huyu si mkwe tena, ni mwanao, tunakuona unavyolia. Eliufoo, pumzika kwa amani, mama yako tutamtunza.