Mnara Ni Kisima

Kwenye stendi ya malori ya Garbatulla na Sericho, mjini Isiolo, pana benchi la ubao wa lori kuukuu, na nyuma yake Abiba anauza kahawa ya tangawizi. Kuna wanaume wa mji huu wanaolipa kodi ya nyumba kwingine lakini hapo ndipo wanapoishi. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa limepagawa. Serikali mpya, ambayo hata rangi ya ofisi zake haijakauka, ilikuwa imetoa sera ya biashara, mawasiliano na uwekezaji, na kamati kutoka Nairobi ilikuwa imeketi ukumbini ng'ambo ya barabara ikisikiliza wananchi. Kila aliyejiandikisha alipewa dakika tatu. Benchi zima lilikuwa limeandikisha mtu mmoja, Jirma, dalali wa ngamia, naye alikuwa namba kumi na saba. Wengine walitaka makubwa. Jirma alikuwa na lake moja: mnara wa simu wa kijijini kwao, mbele ya Sericho, ulikuwa umekufa miezi mitatu, na kwa miezi hiyo mitatu hakuwa amesikia sauti ya mama yake.

— Wamefika ngapi? aliuliza, kalamu mkononi.

— Tisa, alijibu Abiba. Kipaza sauti cha ukumbini alikuwa anakisikia vizuri kuliko walio ndani.

— Basi iko wakati. Andika, Dalali, andika! alisema Emuria.

Emuria aliendesha malori miaka thelathini, na sasa amestaafu. Wanamwita Waziri kwa sababu hutangaza sera kabla serikali yenyewe haijaijua.

— Hii sera nimeisikia yote redioni, aliendelea. Mifugo sasa inaenda ng'ambo moja kwa moja. Ngamia anapandia hapa hapa, uwanja wetu wa ndege, anashukia Uarabuni. Na amekaa dirishani.

— Dirishani? Na hiyo shingo?

— Shingo ndiyo inahitaji dirisha!

Jirma aliandika: *Moja, ngamia wasafiri kwa ndege.* Alipiga mstari chini yake kwa furaha. Hajawahi kuulizwa na serikali chochote isipokuwa kitambulisho.

— Mimi nangoja mwekezaji mwenzangu, alisema Mwongera.

Huyu ni Mmeru wa kutoka juu kule, na jina lake la benchini ni Mwekezaji, kwa kuwa amefungua biashara tano na kuzika sita.

— Wanasema akija anapewa shamba, kodi anasamehewa miaka kumi. Sawa. Lakini tujichunge. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa hivyo mwekezaji akishuka tu kwa gari, sisi tuko na kamba.

— Hiyo methali haisemi hivyo, alisema Abiba.

— Inasemaje?

— Sijui. Lakini haisemi ufunge mtu amekuletea pesa.

— Tunamfunga kidogo tu! Tunampeleka Rapsu kwa mashamba ya maji, alime vitunguu mpaka atuzoee.

— Andika, alisema Waziri. Mbili, kamba.

Jirma aliandika kamba.

— Sasa mawasiliano, Waziri akasimama kabisa. Hapo ndio kuna moto! Serikali imesema kampuni yoyote ikitaka kujenga mnara mahali hakuna network, mlango uko wazi. Na hakuna kuchimba mitaro ya nyaya. Maji yakimwagika hayazoleki, ndio maana intaneti mpya inakuja bila waya.

Wote waliitikia kwa vichwa, hata ambao hawakuona maji yanaingilia wapi. Lakini kwa Jirma neno maji lilitua penyewe. Aliweka kikombe chini.

— Abbo, jamani, nimepata, alisema. Mnara ni kisima.

— Sema tena.

— Mnara ni kisima! Kwetu Borana kisima kina mwenye kukichimba, lakini hawezi kukunyima maji ukiwa na kiu. Na kuna aba herega, mzee wa zamu. Yeye ndiye anasema leo wanywe ngamia wa fulani, kesho ng'ombe wa fulani. Bila yeye, watu wangeuana hapo kisimani. Sasa hawa wa Nairobi wanatuwekea mnara bila aba herega! Ndio maana network inaisha. Watu wote wanakunywa siku moja!

Benchi likalipuka.

— Kumbe! Ndio maana jioni simu inazunguka tu, inazunguka. Ni mifugo imejaa kisimani!

— Jumatatu wapige wenye ngamia, Jirma akapanga, macho yanawaka. Jumanne wenye ng'ombe.

— Na wenye mbuzi?

— Wenye mbuzi watume meseji.

— Na sisi Wameru ambao hatuna ngamia? Mwekezaji aliingiwa na wasiwasi wa kweli.

— Nyinyi Alhamisi. Na msikae sana.

— Na hawa vijana wa kuangalia video mchana kutwa?

— Hao ndio wanachafua maji! Wapewe birika lao, kando.

Abiba alicheka mpaka akamwaga kahawa, naye ndiye mtu ambaye husikia upuuzi wa benchi hilo kila siku. Wapita njia wawili watatu walisimama. Jirma alijisikia mrefu. Hata mkutano wa wazee wa kwao haujawahi kumsikiliza hivyo.

— Ongeza mbele, alisema Waziri. Ule waya mkubwa wa intaneti uko chini ya bahari, uletwe hapa Isiolo.

— Bahari iko wapi Isiolo?

— Mto Ewaso Nyiro ni bahari ilikosa uongozi. Sasa uongozi mpya umekuja!

— Na Leparua, kwa hifadhi ya wanyama, Mwekezaji hakutaka kuachwa nyuma. Mzungu akae kwao, aone simba kwa simu, na kiingilio amtumie simba mwenyewe. Kila simba awe na laini yake.

— Amesajiliwa na kitambulisho gani?

— Alama ya kidole. Si ako na vidole?

Orodha ilifika tisa. Abiba akatangaza kwamba ukumbini wamefika kumi na nne.

Hapo lori la Sericho likaingia likihema, na kutoka juu ya magunia akashuka Ruweida, mama wa makamo anayeleta maziwa ya ngamia mjini. Alikuwa amepakwa vumbi mpaka kope, na madumu yake ya maziwa mkononi.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam!

Jirma aliruka kumpisha. Boma lake na boma la mama yake Jirma yanatazamana.

— Dada Ruweida, mama yangu hajambo?

— Mzima, alhamdulillahi. Anakusalimia. Ile simu ulimnunulia ameifunga kwa leso. Kila asubuhi anaifungua, anaiwasha, anaita, 'Jirma.' Anangoja. Halafu anazima, asimalize moto wa betri.

Jirma aliinama akatafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Alishukuru kwamba Waziri ana sauti kubwa.

— Hiyo kungoja imekwisha leo! alisema Waziri. Mama, umekuja siku ya baraka. Dalali, msomee!

Jirma alisoma yote tisa, ngamia wa dirishani, kamba, bahari na simba mwenye laini, na alipofika kwenye mnara na aba herega wake akasoma kwa sauti ya khutba. Ruweida alikunywa kahawa yake polepole. Hakucheka.

— Mnara ni kisima, alirudia. Hiyo ni kweli kabisa.

— Si ndio! Benchi lilipiga makofi.

— Basi nisaidieni, mimi mtu wa mbali. Kisima kikikauka, siku hiyo hiyo mtu anakimbia kwa aba herega, na aba herega anaita watu, wanachimba. Huu mnara wetu umekauka miezi mitatu. Mlikimbia kwa nani?

Waziri alijishughulisha na kikombe chake.

— Kwa kampuni, alisema Mwekezaji, bila nguvu.

— Nani, huko kwa kampuni?

— Ama serikali.

— Nani, huko kwa serikali? Mlango wake uko wapi? Mimi nauliza tu. Huo mnara uko na aba herega, ama hauna?

Jirma alihesabu moyoni watu aliowaambia habari za mnara huo kwa miezi mitatu. Alimwambia Waziri, alimwambia Mwekezaji, alimwambia Abiba zaidi ya mara ishirini, na madalali wote wa soko la mifugo. Walisikitika naye, wakamnunulia kahawa. Wala hakuna siku alimwambia mtu anayeweza kuurekebisha, kwa sababu hakujua ni nani, na hakuwahi kufikiri kwamba yuko mtu wa kujulikana. Aliona haya mbele ya jirani wa mama yake.

— Kumi na saba! alipiga kelele Abiba. Wanaita kumi na saba! Jirma, ni wewe!

Jirma alitazama karatasi. Mambo tisa, na hata moja halingemrudishia sauti ya mama yake. Alimkabidhi Waziri karatasi hiyo, akachukua madumu ya maziwa miguuni pa Ruweida.

— Dada, inuka. Hizo dakika tatu ni zako.

— Mimi? Na vumbi hili? Niwaambie nini hao wakubwa?

— Hilo hilo umetuuliza. Uliza, halafu usikae chini mpaka wataje mtu kwa jina.