Bi Radhia na Vipeperushi vya Khelef

Masheikh, majirani na jamaa mliokaa nasi siku hizi tatu za msiba hapa Ibra, assalamu alaykum. Mimi ni Harub, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimepewa kazi ya kukusomeeni maisha ya mama yetu, naye hakupenda maneno mengi, basi nikizidisha nivumilieni.

Marehemu Bi Radhia binti Hud alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 9 Machi 1948, akasoma huko mpaka mwaka 1964, familia ilipotawanyika, yeye na wazee wake wakaenda Dubai, na kaka yake wa pekee, Khelef, akapata nafasi ya masomo San Francisco, Marekani. Jioni Khelef alikuwa akifagia ukumbi wa muziki wa roki, na kila wiki akimpelekea dada yake kipeperushi au postikadi ya onyesho lililopita, zile za rangi za kuumiza macho na herufi zilizoyeyuka kama samli juani, mpaka mwisho wa mwaka 1967 barua zilipokatika, na Februari 1968 akafa kwa ajali ya gari, akazikwa huko huko bila ya jamaa hata mmoja.

Mama alikuja Oman mwaka 1972, akaolewa na baba yetu, Bwana Thani bin Aws, tarehe 14 Juni 1973, wakaruzukiwa watoto watatu, mimi, Shukriya na Zakariya, akasomesha skuli za wasichana Ibra na Sur mpaka alipostaafu mwaka 2001. Mapambo ya vile vipeperushi aliyashona kwenye kofia za viua, na wengi wenu, pamoja na imamu wetu, mmesali Idi nyingi chini ya maua ya ukumbi wa roki, mtusamehe.

Mwaka 1994, Wadi Bani Khalid, mtalii mmoja aliyatambua maua hayo kichwani mwa baba, akatwambia kwamba karatasi zile zina watu wanaozikusanya. Tangu hapo mama akawa anawapelekea wakusanyaji wa Marekani kofia, nao wakimletea karatasi, baba akinung'unika kuwa vichwa vya huko vinavikwa kuliko chake. Alitaka kitu kimoja tu, kuijua kila jioni ya wiki zile za mwisho za kaka yake, ambazo barua hazikufika, maana kumzika hakujaaliwa.

Sukari ilimshika mwaka 1999, na postikadi ya wiki ya mwisho ilipofika, Aprili 2006, macho yalikuwa yamekwisha. Zakariya alimweleza rangi, Shukriya akamshika kidole akakipitisha juu ya kila mstari, na mama akayashona maua yake kwenye kofia kwa kupapasa, mwaka mzima na zaidi. Alifariki hospitali ya Nizwa, Jumapili, tarehe 2 Novemba 2008.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na mzee mmoja wa Marekani, mkusanyaji, aliyeitoa postikadi ile ya mwisho kwenye fremu yake akatuletea.

Kofia yenyewe ndiyo hii niliyoivaa, na maua ya upande wa kushoto yamepinda, najua. Aliponivisha ilinibana, nikamwambia amekosea kipimo, akaipapasa pande zote, kisha akasema, "Sikukosea. Ni kichwa cha Khelef. Wewe mvalie."

Mwenyezi Mungu akulaze pema, mama. Nimemvalia.