Gurudumu la Kulia

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Kaimu, kaa hapa kichwani pangu. Swaumu, mpe mkeka Mzee Eustakio na hao wanawe waliotoka naye Mnero, wakae wanisikie, kwa maana nitakayosema leo yanawahusu wao kuliko ninyi.

Nyumba hii ni ya mama yenu Mwanne, mpaka aseme mwenyewe kwamba ameichoka. Mikorosho nimeigawa nikiwa na akili zangu timamu: upande wa kijito ni wa Swaumu, upande wa barabara ni wa Kaimu, wala mtu wa ukoo asije kuhamisha mpaka. Sanduku la spana ni lako, Kaimu, kwa kuwa sasa wewe ndiye fundi wa magari ya betri ya kunyanyulia mizigo huko bandarini Mtwara.

Ukitaka kubadilisha yale magurudumu madogo yaliyo chini ya vyuma vya kubebea mzigo, kwanza chomoa waya wa betri, kisha weka magogo chini ya vyuma, usiiamini jeki peke yake. Zungusha kila gurudumu kwa mkono, ulisikilize. Uzi wa magunia hujisokota kwenye pini mpaka gurudumu likwame, na likiburuzwa hulika upande mmoja. Ukitoa moja, toa na la pili, hata likionekana zima.

Haya yote niliyajua mwaka wa arobaini na tisa, nilipokuwa fundi wa ghala la mashamba ya karanga kule Nachingwea. Ijumaa ile harusi ya Swaumu ilikuwa kesho yake, na lori la kuja Ruangwa lilikuwa linaunguruma nje. Kwenye gari letu la kunyanyulia mizigo nikafunga gurudumu jipya la kushoto. La kulia lilikuwa linasaga kama limejaa mchanga. Nikalipaka grisi, nikakimbilia lori. Usilie, Swaumu. Harusi yako haina kosa.

Jumatatu Eustakio, dereva wetu, alinyanyua kasha la vyuma vya trekta. Gurudumu la kulia likakwama, gari likainama, kasha likateleza likamwangukia mguuni. Msimamizi akaniuliza, "Magurudumu yote mawili ulibadilisha?" Nikajibu, "Yote mawili, bwana." Eustakio alikuwa amelala pale pale sakafuni, ananisikia. Wengine walipombeba kumpeleka hospitali, mimi nililifungua lile gurudumu nikalitupa chooni, nikafunga jingine. Basi wakaandika kwamba dereva alizidisha mzigo, na akaachishwa kazi akiwa bado kitandani.

Miaka tisa nilizunguka njia ndefu nisipite Mnero. Mwaka huu ugonjwa uliponishika, Kaimu, ulinipakia kwenye baiskeli ukidhani nakwenda zahanati. Nilikwenda kwake. Nilimkuta anamenya mihogo, hata hakuinuka.

"Nilikuona ukifunga moja," akaniambia. "Nikangoja useme. Nikangoja tena."

Nikamwambia achukue upande wowote wa shamba langu autakao.

"Shamba ninalo. Wanangu wamekua wakiambiwa baba yao alivunjwa mguu na tamaa yake. Waambie wao, na wako wawepo."

Basi nimewaambia. Kaimu, macho yangu yana ukungu, Eustakio ameitikia kwa kichwa? Ameitikia... Alhamdulillahi.

Mnizike kando ya mama yangu, mapema, msingoje watu wa mbali. Eustakio akitaka kushika jembe la kaburi, mpeni, mtu asimuulize dini yake. Kaimu, usifanye kazi ya mikono huku moyo umeshapanda lori. Mungu awape afya, awape kizazi chema, awafunge pamoja ninyi na hawa wa Mnero...

Nilaze kidogo. Hivyo hivyo.

Vijana... baba yenu hakuzidisha mzigo. Alikuwa dereva... hata kikombe cha chai ukikiweka juu ya vyuma vile... hakimwagiki.