Marehemu Muema Kyalo, Mlinzi wa Kituo cha Pili

Ndugu waombolezaji, ninayesoma ni Kyalo Muema, baba mzazi wa marehemu.

Muema Kyalo, ambaye magazeti ya hapa yalizoea kumwandika Mwema, alizaliwa Machakos tarehe 14 Machi 1986, akiwa kifungua mimba wa mke wangu Mbula, na mwaka 1995 tulihamia Sydney, tukapanga nyumba Mount Druitt, alikomalizia shule mwaka 2003.

Besiboli alifundishwa tangu 1998 na Bwana Ronald Whelan, fundi wa kiwanda kimoja cha Smithfield, mnayemwita Ronnie, na imesemwa mara nyingi kwamba mikono ile aliitengeneza yeye, ingawa mikono marehemu alikuja nayo kutoka Machakos.

Alicheza kwa mshahara kuanzia Novemba 2010 hadi Februari 2016, akilinda kituo cha pili, yaani kudaka mpira unaobingirika kwa kasi na kumrushia mwenzake wa kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani katika ligi, hata vijana wetu walikuwa wakimpigia kelele, "Muema, wacha hata mmoja upite, wee, tuone mchezo!" Alipotuzwa mlinzi bora mwaka 2014 alimshukuru "Dad", nami nilikuwa nimeanza kuinuka kitini alipomwonyesha Bwana Whelan kwa mkono.

Tarehe 12 Mei 2012 alifunga ndoa na Bridget Owuor, kanisani Bankstown, wakajaliwa binti, Mbula, mwenye jina la bibi yake, mwaka 2013, na mtoto wa kiume, tarehe 9 Agosti 2015, ambaye kwa desturi yetu Wakamba alipaswa kuitwa Kyalo, lakini cheti kinasema Ronald, nami nasoma kilichoandikwa.

Saratani ya damu iligunduliwa Oktoba 2017, akatibiwa kwa miezi minane, na muuguzi alipoombwa amwite baba wa mgonjwa alimpigia simu Bwana Whelan, wakati mimi nimeketi kando ya kitanda. Alifariki tarehe 6 Juni 2018, adhuhuri.

Bwana Whelan ameomba kubeba jeneza upande wa mbele, na familia imekubali abebe nyuma yangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mount Druitt, wachezaji wenzake, na Bwana Whelan.

Tangu azaliwe nilimwita Baba, kwa kuwa alibeba jina la baba yangu, kwa hiyo liko neno moja ambalo sikuwahi kumwita, na ambalo hakuna mwingine hapa aliyelichukua. Pumzika kwa amani, mwanangu.