Maisha ya Mlinzi wa Geti, Yanayosomwa na Mkwe Waliyekosana Naye

Marehemu mwenyewe ndiye aliyechagua wa kumsomea. Alisema akiwa kitandani, mbele ya mashahidi: "Asome mkwe wangu. Anayenipenda atanisingizia wema." Ndiyo maana aliyesimama hapa si mwanawe wala mdogo wake, bali mkwewe, ambaye hawakupatana tangu siku ya kwanza. Mdogo wake marehemu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alizifuta aya kadhaa kabla ya kuchapisha, akisema mambo ya chini ya kiuno hayasomwi makaburini. Bahati mbaya kwake, fundi wa kuchapa ni rafiki wa mkwe, na aya zote zimo. Mjukuu wa marehemu ana mimba iliyotimia. Bibi yake aliagiza ayasikie haya kabla hajaingia leba, yeye pamoja na mume wake. Kwa hiyo yatasomwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1952, mtoto wa tatu wa fundi bati na mama muuza mkaa. Wazazi wake walisimulia kwamba alitoka tumboni akipiga kelele na hakuwahi kunyamaza vizuri tangu hapo. Alisoma mpaka darasa la saba. Huko alipewa kazi ya kuandika majina ya wanaopiga kelele darasani, na siku ya kwanza akaandika jina la mwalimu. Alichapwa, lakini hakulifuta.

Mwaka 1973 aliolewa na dereva wa lori, ambaye naye ametangulia. Tarehe 2 Novemba 1974 akamzaa mtoto wake wa pekee, yule mwanamume aliyesimama kule nyuma na miwani ya jua. Kuzaa huko kulimchana msamba, yaani ile nyama iliyo kati ya njia ya mtoto na njia ya haja kubwa. Hakushonwa. Aliambiwa akalie maji ya moto yenye chumvi, akakalia, akaungua juu ya kidonda. Kabla hakijafunga, dereva akarudi safari na kudai haki yake, na hakuna mtu hata mmoja katika nyumba ile aliyemwambia ngoja. Kilichochanika kikapona vibaya. Tangu hapo, akicheka, akikohoa au akinyanyua ndoo, mkojo ulimtoka. Basi akaacha kucheka. Watu walisema ana roho mbaya, naye akawaachia waseme. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa mlinzi wa geti la kiwanda cha sabuni, akalilinda kwa miaka ishirini na saba. Jioni alipekua kila mkoba bila kujali cheo. Meneja alipekuliwa. Mgeni rasmi aliyekuja kuzindua mashine mpya alipekuliwa, na hotuba yake ikachelewa. Mkwe wake wa baadaye alikuwa karani wa mishahara hapo hapo, na siku moja mlinzi alitoa mche wa sabuni ndani ya mkoba wake, akauinua juu foleni nzima ione. Mkwe anasema hapa, mbele ya jeneza, kwamba sabuni ile alikuja nayo kutoka kwao. Mwana alipomleta karani yule nyumbani kama mchumba, mama alisema, "Mwizi wa sabuni," akaingia chumbani kwake. Siku ya harusi alikula, lakini hakucheza.

Sasa zile aya nyingine zilizofutwa.

Tarehe 17 Agosti 2001 mkwe alijifungua mtoto wa kike, pandikizi la mtoto, na akachanika mpaka kwenye misuli inayofunga haja kubwa. Alishonwa hospitalini. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu anayevuka matope, hawezi kukaa, na anakiogopa choo kuliko alivyouogopa uchungu. Marehemu akachukua likizo yake ya mwaka. Hakuja kubembeleza mtu. Alisimama mlangoni akasema, "Mimi sikupendi, na unajua. Lakini hicho kidonda hakijaiba sabuni."

Jirani aliyeleta birika la maji yanayotokota aliondoka nalo. Marehemu alitayarisha beseni safi la maji ya uvuguvugu, akamkalisha mkwe humo, kisha akamkausha kwa kugusagusa, si kusugua. Alimlisha mapapai na mboga za majani, akamnywesha maji asubuhi na jioni mpaka mkwe akaomba ahurumiwe. Mkwe akiingia chooni, marehemu alisimama nje akitoa amri: "Usikaze. Pumua. Hakuna unayeshindana naye humo." Mkwe alimchukia kwa kila neno, na alitii kila neno.

Wiki ya pili marehemu aliiokota pedi iliyotumika akainusa, kama alivyozinusa chupa za chai pale getini. "Vaa, tunakwenda hospitali." Mkwe akasema wangoje kesho, pengine ndivyo inavyokuwa. "Kesho hiyo ndiyo iliyonimaliza mimi," marehemu akajibu. Wakiwa kwenye benchi wakimsubiri muuguzi, akamweleza yote ya mwaka 1974, huku macho yake yako ukutani. Mkwe akamshika mkono. Marehemu akauondoa.

Mshono ulikuwa umeachia na kidonda kina usaha. Muuguzi alikisafisha, akatoa dawa, akasema kitajifunga chenyewe polepole. Akasema pia kwamba mume asimguse mkewe mpaka kikaguliwe na mke mwenyewe aseme yuko tayari. Marehemu alimwomba alirudie hilo la mwisho kwa sauti.

Mwana hakupendezwa. Mwezi wa pili ulipoingia alirudi jioni moja amekunywa, akamkuta mama yake ameweka kiti mbele ya mlango wa chumba, amevaa sare ya kazi.

"Mama, nipishe. Huyo ni mke wangu."

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini tena? Nyumba ni yangu."

"Hata meneja alisema kiwanda ni chake."

Mwana akamtukana mama yake tusi ambalo kamati haikuhitaji kulifuta, kwa kuwa mkwe hakuliandika. Marehemu hakuinuka. Kesho yake akaja mjomba, yaani mwenyekiti wetu huyu, kusuluhisha. Akasema mwanamume ana haki zake, na kwamba dada yake anavunja ndoa za watu. Marehemu akamwambia, "Siku ile dereva aliporudi, wewe ulikuwa chumba cha pili. Ulinisikia nalia. Ukaongeza sauti ya redio." Mwenyekiti aliondoka bila kumaliza chai. Kama anataka kukanusha, kaburi bado liko wazi na watu wapo.

Kidonda kilifunga. Muuguzi alikagua, akamfundisha mkwe kubana na kuachia misuli ya chini kila siku, kama mtu anayezuia mkojo njiani. Mkwe alifanya hivyo akimenya viazi, na akamwambia marehemu naye ajaribu. "Mimi nimeshazeeka," alijibu. Lakini getini alianza kuonekana amekunja uso kuliko kawaida yake, na mkwe akajua kwamba anabana. Mazoezi hayo hayakumponya kabisa, maana kidonda cha zamani kina ukaidi wake. Hata hivyo mwaka uliofuata mkwe aliteleza na beseni la nguo akaanguka kwenye tope, na marehemu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajipapasa nyuma ya kanga, akakuta amekauka, akaanza kucheka upya. Mkwe alikasirika sana, na hajaona sababu ya kuacha.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Machi mwaka jana. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Juni 2025, mkwe akimkata kucha. Walikuwa wanabishana kuhusu ule mche wa sabuni.

Ameacha mwana mmoja, ambaye hajamwomba radhi mama yake wala mkewe, na sasa amebakiwa na mmoja wa kumwomba. Ameacha mdogo mmoja, mwenyekiti wa kamati. Ameacha mkwe, ambaye alipona: anakaa, anacheka, anabeba ndoo. Mkwe hakumpenda marehemu, na tangu juzi sahani yake inarudi jikoni kama ilivyopakuliwa. Ameacha mjukuu, ambaye akichanika atashonwa, atauguzwa, na hataharakishwa na mtu yeyote.

Mume wa mjukuu ameketi safu ya mbele. Marehemu aliagiza aulizwe hadharani kama ameelewa, na asijibu kwa kutikisa kichwa. Basi anaulizwa. Akishajibu, ndipo sote tutasema: mama apumzike kwa amani.